Bi Rukia Akiimba

Kabla hamjaniuliza chochote kuhusu kamera, vueni viatu. Sisemi kwa ajili ya adabu, ingawa adabu nayo haidhuru. Chumba cha orofani chenye sakafu ya mbao juu ya boriti, wanawake wakisimama kucheza, hupumua. Sakafu inapanda, inashuka, macho hayaoni kitu, lakini filamu inaona, na ukija kuosha picha zako unamkuta mwimbaji ana pua mbili. Nyayo tupu zitakuonyesha mahali sakafu inapotulia: kando kabisa, pale boriti zinapoingia ukutani. Simama hapo. Egemeza bega, toa pumzi nusu, nusu ibakize kifuani, kisha bonyeza.

Vijana mnaonijia siku hizi na kamera za babu zenu shingoni, mnanifurahisha kuliko mnavyojua. Nilidhani filamu imestaafu pamoja nami. Sasa naona mnapanda ngazi za nyumba yangu hapa Amu, mnapopaita Lamu, mnaketi mkekani, mnauliza tulipigaje picha za muziki ndani ya chumba chenye balbu moja. Mnataka namba za lenzi na za shata. Nitawapa, msiwe na wasiwasi, nilizihifadhi kichwani kama wengine wanavyohifadhi majina ya wajukuu. Lakini namba peke yake zingenipa picha za watu wamekaa. Mimi nilikuwa natafuta picha za watu wanaimba.

Chumba chenyewe kilikuwa cha Klabu ya Kikuba. Ilikuwa klabu ya taarabu ya wanawake, na ilikutana baada ya swala ya alasiri katika nyumba moja ya zamani ndani ya vichochoro, orofani. Bi Maimuna ndiye aliyekuwa kiongozi na mpiga kinanda. Wengine walishika fidla, dumbaki na tari. Walipofika juu walivua mabuibui, wakayatundika misumarini ukutani, na chumba kikabadilika rangi kama mtu aliyeambiwa habari njema: kanga, hariri, hina, asumini kwenye nywele, vikuba vya mrehani vimebanwa kifuani. Madirisha yote yalifungwa, maana katika vichochoro vya Amu jirani akinyoosha mkono anaweza kukupokea kikombe. Wanaume waliruhusiwa kusikia tu. Walikaa kwenye baraza chini, na wimbo ukiwakolea waligonga mlango wa barabarani kwa fimbo. Bi Maimuna akisikia fimbo hiyo alikuwa akiongeza ubeti.

Kwa hiyo jua linawaka nje kiasi cha kukausha papa, na sisi ndani tumo gizani, na balbu moja juu ya kinanda.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Kwetu ni Kitui. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, akahamishiwa Amu, nami nikafungua chumba cha kupigia picha za vitambulisho karibu na soko. Nilipiga maaskari, makarani, wavuvi wa Mkokoni waliokuja kutafuta karatasi za serikali na kukaa mbele ya kamera kama watu wanaohojiwa. Siku moja akaingia mwanamke mrefu aliyenukia udi. Hakukaa kwenye kiti. Alizunguka chumba changu akikagua, akagusa pazia, akachungulia kamera kwa mbele kama anayetazama kisima.

“Filamu zako huoshwa na nani?” akauliza.

Nikamwambia nazituma Mombasa.

“Na huko Mombasa aoshaye ni mwanamke?”

“Nadhani ni wanaume, Bi.”

“Basi jifunze,” akasema, akaondoka.

Huyo ndiye Bi Maimuna. Wiki iliyofuata alisimama mlangoni, hakuingia hata ndani, akauliza kama nimeshajifunza. Wiki ya pili vilevile. Nilielewa kwamba kazi ipo, na ni kazi kubwa, ila haitanijia mpaka filamu itoke ndani ya kamera, ioshwe, ichapwe na kukauka bila kuonwa na mwanamume hata mmoja. Wanawake wale walitaka picha zao kama mnavyotaka ninyi zenu. Walitaka kujiona wamependeza. Walichokuwa wamekosa ni mtu wa kuifanya kazi nzima peke yake, na awe mwanamke.

Nikaenda kwa Bwana Athumani. Alikuwa mpiga picha wa zamani, studio ameshaifunga, vifaa vyake vimefunikwa shuka kama fanicha za mtu aliyesafiri. Alikubali kunifundisha kwa sharti kwamba nisimcheke akisahau jambo. Alinifundisha kuipakia filamu kwa vidole bila macho, na kuiambia kamera kwamba filamu ni nyepesi kuliko ilivyo, kisha kuiacha ndani ya dawa muda mrefu zaidi ili ilipie ule uongo. Tuliita kuisukuma. Filamu ya mia nne uipige kama ni ya elfu na mia sita: weusi utakuwa mweusi hasa, chembe zitaonekana, na usiogope chembe. Taarabu yenyewe ina chembe.

Bwana Athumani hakuwahi kuingia klabu ya wanawake na alijua hataingia. Alikuwa amepiga taarabu za wanaume, ambao hukaa wima na kumtazama mwimbaji kama wanaosikiliza hotuba. Kwa hiyo mafundisho yake mengine hayakunifaa. Aliniambia nichague kiti changu na nisiondoke, na siku ya kwanza tu katika Klabu ya Kikuba kiti changu kilichukuliwa, kikachezewa juu yake, kikavunjika mguu. Lakini neno moja lake nimelibeba mpaka leo. Alisema wimbo ni kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, una mahali pake pa kupumzika, na kamera ikangoje hapo.

Basi nikawa na chumba cha giza chini ya ngazi ya nyumba yangu. Sikilizeni hili, litawafaa, kwa kuwa joto la Amu halijastaafu. Dawa ya kuibua picha hutaka ubaridi, na maji ya bomba hapa mchana ni ya kutia majani ya chai. Filamu yangu ya kwanza iliyeyuka utando wake wote wa picha ndani ya tangi, nikatoa utepe mweupe kama kitambaa cha jeraha. Ndipo nikaanza kununua barafu kwa wauza samaki wa pwani ya mji. Nilikuwa nikiiweka ndani ya ndoo, tangi katikati, gunia juu. Ilifanya kazi vizuri mno, isipokuwa barafu ile ilikuwa imelala na samaki. Bi Maimuna aliichukua picha yake ya kwanza, akainusa, akanitazama.

“Mama Picha, hii ni harusi au ni nguru?”

Jina la Mama Picha lilianzia hapo na halikuniacha.

Maji ya kisima yana chumvi na huacha madoa kama ukurutu, kwa hiyo suuza ya mwisho ilikuwa ya maji ya mvua niliyokinga kwenye mitungi. Na mfuko wa kupakilia filamu, ule wa kuingiza mikono gizani, niliushona kwa buibui kuukuu alilonipa Bi Maimuna. Filamu ya kwanza iliyopita humo ilitoka na ukungu. Tulilinyanyua buibui kwenye jua tukaona limechakaa pale viwiko vilipokaa miaka yote. Basi nikaweka jingine juu yake, viwiko vikapishana, na mfuko ule ukadumu kuliko kamera tatu.

Mume wangu aliipata taabu yake. Picha zilipokuwa zinakauka kwenye kamba hakuruhusiwa kuingia sebuleni. Alikaa barazani na madaftari ya wanafunzi, anasahihisha, na kila baada ya muda anakohoa mlangoni na kuuliza, “Wageni wako wamekauka?” Alikufa bila kuona picha hata moja ya kazi iliyotulisha. Alikuwa akiwaambia walimu wenzake kwamba mkewe ni mpiga picha bora wa pwani yote, na walipomuuliza amejuaje, alisema anajua kwa kelele za furaha za wanaokuja kuzichukua.

Mnaniuliza picha hizo ziko wapi. Sina. Msinisikitikie. Sharti la Klabu ya Kikuba lilikuwa kwamba nikishachapa, ninachukua mkasi, nakata negativi, na kila mwanamke anapewa picha yake pamoja na kipande chake cha filamu. Uso wake ni wake, na mbegu ya uso wake ni yake. Kuna masanduku katika mji huu, chini ya nguo za hariri na chupa za manukato, yenye kazi yangu bora. Nikipita kwenye vichochoro najua ni nyumba zipi. Hiyo nayo ni maonyesho.

Tena hakikisheni filamu imeshika. Ninyi mnaobonyeza simu hamjui aibu ya kupiga filamu isiyozunguka. Kuna kile kirungu kidogo upande wa kushoto wa kamera. Ukivuta filamu mbele, kirungu nacho lazima kigeuke. Kisipogeuka, unapiga hewa. Mimi nilipiga hewa alasiri nzima ya harusi, Klabu ya Kikuba wakiimba kuliko siku zote, na nilipofungua kamera filamu ilikuwa imekaa pale pale nilipoiweka, haijasogea, kama mgeni aliyekataa kuvua buibui.

Nilikwenda kwa Bi Maimuna siku hiyo hiyo nikamwambia. Akauliza nguo zipi zimeshafuliwa. Kesho yake alasiri wakarudi wote, wakavaa walivyovaa, wakajipaka upya, wakaimba harusi nzima toka mwanzo. Kilichokosekana ni bibi harusi, ambaye alikuwa ameshavushwa kwenda kwa mumewe Mkokoni. Wakamketisha mama yake Bi Maimuna, bibi mkongwe sana, wakamfunika shela mpaka magotini, na yule bibi akakaa kwa haya kubwa kuliko mwari yeyote niliyewahi kumpiga. Akawa anatikisika kwa kicheko ndani ya shela. Picha zikapelekwa Mkokoni pamoja na maelezo. Bibi harusi akarudisha salamu kwamba hajawahi kutoka vizuri namna hiyo, na anaomba nakala.

Sasa niwaambie habari ya Bi Rukia, maana yeye ndiye aliyenifanya niwe mpiga picha. Hayo mengine yalinifanya niwe na vifaa.

Bi Rukia alikuwa mwimbaji mkuu wa Kikuba. Sauti yake sijui niielezeje kwa watu ambao hawakuisikia. Ilikuwa na mchanga kidogo chini na asali juu, na ilikuwa haina haraka. Wanaume wa barazani waliacha hata kutafuna tambuu akianza. Lakini Bi Rukia aliimba amejifunika mdomo. Alikuwa akishika pembe ya leso yake mbele ya uso, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, ukaona macho na paji tu. Mgeni angedhani ni madaha. Wenyewe walijua sababu. Miaka mingi nyuma, kwenye harusi fulani, jamaa mmoja wa kike aliyetoka safari na kamera ya flashi alimpiga akiwa katikati ya sauti ya juu. Picha ikaja, ikapita mkono kwa mkono, watu wakasema Rukia yuwapiga mwayo. Wakacheka wiki nzima. Tangu hapo leso ikapanda na haikushuka.

Kisha ikaja harusi ya Faza, katika Kisiwa cha Pate. Watu wa huko waliomba Klabu ya Kikuba ije, na wakatamka wazi kwamba wanataka kumwona Bi Rukia akiimba, maana sauti yake wanaijua kwa kanda tu. Bi Rukia akasema ataimba nyuma ya pazia, au asiende. Bi Maimuna akamwuliza ni nani atakayetuza pazia. Watu huinuka na tuzo zao kumwendea mtu, wanamwona uso, anawaonea haya, wanaongeza. Pazia litamwonea nani haya?

Walibishana siku kadhaa. Mwishowe Bi Rukia akaja kwangu peke yake, akakaa kwenye kile kiti cha vitambulisho, akafunua uso. Alikuwa mwanamke mzuri, nawaambia, na mdomo wake ulikuwa mpana, mdomo wa mtu aliyepewa vingi vya kusema.

“Mama Picha,” akasema, “mimi sijapata kujiona nikiimba.”

Nikamwuliza kama hana kioo.

“Kioo ninacho. Nikisimama mbele ya kioo nakitazama kioo, siimbi. Wewe nipige nikiimba kweli. Nataka kujua. Kama ni mwayo, nitakaa nyuma ya pazia, Faza na kila pahali, na asinisumbue mtu tena. Kama si mwayo…”

Hakumaliza. Akafunga leso yake, akataja masharti. Atashusha leso kwenye ubeti mmoja tu, ule anaoupenda. Picha asiione mtu kabla yake, na alipotaja mtu alininyooshea kidole mimi. Jambo la tatu nililiomba mimi mwenyewe: asijue ni siku gani nimeweka filamu. Akafikiri. Akasema, “Usiniambie.”

Ubeti wenyewe ulikuwa wa wimbo wao wa kukaribisha wageni:

Mlango nimefungua, pita ndani usibishe,
Kahawa nimeitia, keti nikuburudishe.

Neno *usibishe* ndilo lililokuwa kilele chake. Pale kwenye *she* alikuwa akiishika sauti, anaipandisha, anaizungusha, mpaka wanawake wanaanza kushikana mikono.

Mazoezi ya kwanza nilikuja na kamera tupu. Leso iliposhuka nilibonyeza, shata ikalia, na Bi Rukia akafunga mdomo kama mtu aliyeona askari. Ubeti ukakatika katikati, Bi Maimuna akaupiga kinanda kofi. Sasa nendeni mkajaribu hili: njooni na kamera tupu, tena na tena, mbonyeze mpaka shata yenu iwe sehemu ya ngoma. Nilijifunza kubonyeza chini ya pigo la dumbaki, ili sauti moja imeze nyingine. Baada ya mazoezi mengi hakuna aliyenisikia. Mpiga tari aliniambia nimeanza kuwa na mkono mzuri, angeweza kunitafutia nafasi upande wa ngoma.

Bado kulikuwa na mwanga. Balbu ilikuwa juu, na mwanga wa juu humfanya mtu yeyote awe fuvu: mashimo ya macho, kivuli chini ya pua, mdomo pango. Nilielewa kwamba ile picha ya harusi ya zamani ilimtukana kwa flashi, na balbu hii ingemtukana kwa kivuli. Nikamwomba Bi Maimuna shuka jeupe, tukalitandika sakafuni mbele ya miguu ya Bi Rukia, tukasema ni pambo. Mwanga ukashuka, ukagonga shuka, ukarudi juu taratibu kumshika chini ya kidevu na kwenye mashavu. Jaribuni. Shuka jeupe linashinda taa nyingi za bei.

Na kulikuwa na lile jambo kubwa zaidi, la ni wakati gani. Kila mtu mwenye kamera anataka kubonyeza sauti ikiwa juu kabisa. Hapo mdomo umefunguka wote, mshipa wa shingo umesimama, na unadhani huo ndio wimbo. Huo ni meno na ulimi. Nilimtazama Bi Rukia siku nyingi bila kubonyeza, nikakumbuka maneno ya Bwana Athumani kuhusu mahali pa kupumzika, nikapaona. Sauti ya *she* ikimwisha, fidla inajibu. Kuna kitambo kidogo hapo, kifupi kuliko kupepesa, ambapo sauti imeshatoka na uso bado haujarudi. Mdomo u wazi bado, lakini hausukumi kitu. Unasikiliza. Kitambo hicho ndicho nilichokuja kukingoja.

Alasiri moja nikapakia filamu kwenye mfuko wa mabuibui, nikaona kirungu kikigeuka, nikapanda orofani na uso wa kila siku. Shata ya sehemu ya kumi na tano ya sekunde, kitundu cha lenzi wazi chote, bega ukutani. Wimbo ukaja. Leso ikashuka. *Usibishe* ikapanda, ikakaa juu, chini barazani fimbo ikagonga mlango. Nilingoja. Fidla ikaingia, na mimi nikaingia pamoja nayo.

Filamu niliiosha jioni ile, ila negativi haisemi kitu kwa asiyeizoea: uso mweusi, nywele nyeupe, mdomo kama taa. Hata mimi niliitazama kwa pembe ya jicho, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Asubuhi Bi Rukia akaja. Mume wangu akachukua madaftari yake akaenda kukaa mbali, bila kuambiwa. Tukajibana chini ya ngazi, mimi na yeye na masinia ya dawa, balbu nyekundu juu yetu. Nikaimulika karatasi, nikaitumbukiza kwenye sinia la kwanza, nikalitikisa.

Hamjawahi kuona picha ikija, ninyi wengi. Karatasi ni nyeupe, nyeupe, unadhani umekosea, kisha kuna moshi, kisha moshi unakuwa mtu. Vilikuja kwanza vikuba kifuani, maana ndivyo vilivyokuwa vyeusi. Zikaja nywele. Yakaja macho. Bi Rukia aliinama mpaka ncha ya leso ikaingia kwenye dawa.

“Mato yangu hayo,” akanong’ona. Ndivyo wasemavyo watu wa Amu, macho kwao ni mato.

Kisha mdomo ukaanza kuja, na yeye akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka viganja mashavuni akaanza kuimba. Kwa sauti ya chini, ubeti ule ule, anaupapasa uso wake kwa vidole kuona kama unafanana na ule wa ndani ya sinia. Chumba kile hakikutosha sauti yake. Iligonga ngazi juu yetu ikaturudia. Mimi niliacha kutikisa sinia. Nilisahau sinia. Alipofika kwenye *nikuburudishe* nikatazama chini, na karatasi ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya pilau.

“Umenipoteza,” akasema.

“Si mimi, Bi. Ni wewe uliyeimba.”

Tukatazamana kwenye ule wekundu, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka nikashika ukuta nisije nikamwaga dawa. Nikaweka karatasi nyingine. Sasa nilikuwa nimejua: saa yangu ya umeme ukutani haikuwa na maana pale, umeme ulikuwa ukipanda na kushuka siku nzima, lakini ubeti wa Bi Rukia haukubadilika kasi. Nikamwambia aanze tena na akomee kwenye *usibishe*. Akaimba. Fidla ilipotakiwa kujibu nilikuwa nimeshaitoa picha, nimeitia kwenye dawa ya kuikaza. Tangu siku ile mpaka nilipofunga kazi nilichapa kwa ubeti huo, kimoyomoyo, na picha zangu hazikuungua tena.

Baada ya muda nikawasha taa nyeupe. Bi Rukia aliinyanyua picha kwa ncha mbili, inadondoka maji, akaisogeza karibu na balbu. Niliogopa, ndugu zangu, kuliko siku ile ya filamu isiyozunguka. Ningeweza kurudia harusi. Hii nisingeweza kuirudia. Kama angeona mwayo, sauti ile ingekaa nyuma ya kitambaa maisha yake yote, na ningekuwa mimi niliyeifungia huko.

Alitazama sana. Kisha akaniuliza, pole pole, kama anayeuliza habari za mtu mwingine:

“Kumbe mimi nikiimba huteka?”

Kuteka kwao ni kucheka. Nikachungulia begani kwake, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kweli. Mdomo ulikuwa wazi na ulikuwa mpana, na pembe zake mbili zilikuwa zimepanda, na macho yalikuwa yamekaza kwa mbali, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta nje yule yule aliyemtaka. Hakuna aliyewahi kuuona uso huo. Watu wa harusi ile ya zamani waliuona kilele chake, hawakungoja.

“Ndivyo ulivyo, Bi.”

“Siku zote?”

“Siku zote nilizokuona.”

Akaomba picha moja zaidi, na nyingine ya kumtupia usoni, alisema, jamaa yake yule wa flashi. Nilikata kile kipande cha filamu, nikampa. Akakifunga kwenye pindo la leso, pale wanapofunga vitu vyao vya thamani, akashuka kichochoroni.

Faza tulikwenda wote. Ukumbi wa wanawake ulijaa mpaka milangoni, wengine wamesimama juu ya viti, watu wa Kisiwa cha Pate kutoka kila mji. Bi Maimuna akafungua kinanda. Bi Rukia akakaa katikati, mbele kabisa, leso begani, mikono mapajani, hajafunika kitu, na alipoanza, sikuwa nimejiandaa. Nilijua masharti yote ya kazi yangu na nikayasahau yote. Niliacha ukuta, nikapita katikati ya watu, nikaenda kusimama mbele yake hasa, hatua chache kutoka usoni mwake, nabonyeza, navuta, nabonyeza, wanawake nyuma yangu wananivuta nguo sisikii.

Ubeti ukaisha. Fidla ikajibu. Bi Rukia akainama kidogo kwenye kile kitambo chake, uso bado haujarudi, akaniambia:

“Mama Picha, hebu keti chini. Watu hawanioni.”